Mambo ya Nyumbani: Jalidi Katika Jokofu, na Namna ya Kuizuia

Tangu mvua za masika zilipoanza, akina mama kadhaa wametuuliza neno moja lile lile: Je, ile barafu nyeupe iotayo ndani ya jokofu ni dalili njema ama mbaya? Wengine hufurahi wakiiona, husema, “Jokofu langu lina nguvu, tazameni linavyogandisha.” Wengine huikwangua kwa kisu kila Jumamosi. Na wengine huiacha tu, hata mlango wa chumba cha barafu haufungiki tena.

Swali hili si dogo. Ndani ya sanduku lile mna maziwa ya mtoto, mna kitoweo cha juma zima, na katika nyumba nyingine mna mtaji wote wa mama anayeuza samaki, maziwa au barafu za ubuyu. Likiharibika, hasara si ya jokofu tu, bali ya tumbo na ya mfuko pia. Kwa hiyo tumeona vema kuutoa ukurasa wetu wa mwezi huu kwa jambo hili.

Jibu letu kwa ufupi ndilo hili. Jalidi ile si baridi, bali ni blanketi lifunikalo baridi. Nayo haizaliwi na jokofu. Yatoka nje, huingia kwa mlango. Mwenye kuyafahamu maneno haya mawili amekwisha pata nusu ya elimu ya kulitunza jokofu lake. Nusu ya pili ni kutenda.

JALIDI YATOKA WAPI

Kila mtu amekwisha kuona bilauri ya maji baridi ikitokwa na jasho mezani. Maji yale hayakupenya kioo. Yalikuwa hewani, yamejificha katika hali ya mvuke usioonekana kwa macho, na yalipogusa kioo cha baridi yakageuka kuwa matone. Ndivyo umande upatikanavyo asubuhi juu ya majani. Basi mvuke huo huo ukigusa kitu kilicho baridi kupita kiasi cha maji kuganda, haungoji kuwa matone. Hushika pale pale kama unga mweupe. Huo unga ndio jalidi. Watu wakaao nyanda za juu, kama Njombe au Limuru, huijua, maana katika miezi ya baridi huweza kuiona juu ya nyasi alfajiri.

Sasa, hewa ya moto huchukua mvuke mwingi, na hewa ya baridi huchukua kidogo sana. Hewa iliyojaa mvuke kwa kadiri iwezavyo, ikiwa na joto la nyuzi 30, huwa na maji yapata gramu 30 katika kila mita moja ya ujazo. Hewa ya nyuzi 5 haiwezi kuchukua hata gramu 7. Na hewa ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ambayo ndiyo baridi ya friza, huchukua gramu moja tu hivi. Basi hewa ya nje ikiingia ndani ya jokofu, yale maji iliyoyabeba yatakwenda wapi? Hayana budi kuachwa, nayo huachwa penye baridi kuliko pote, yaani juu ya lile bati liletalo baridi.

Tufanye hesabu ndogo kama tulivyofundishwa darasani. Jokofu la nyumbani la lita 200, katika mji wa pwani wakati wa masika, likibadilishana hewa yake yote na hewa ya nje, litaingiza maji yapata gramu 4, yaani karibu kijiko kimoja cha chai. Tuseme mlango wafunguliwa mara 20 kwa siku, na kila mara nusu tu ya hewa hubadilishwa. Kwa siku moja ni gramu 40, na kwa juma moja ni gramu 280, zaidi ya bilauri moja ya maji iliyogandishwa juu ya bati. Tena hapo hatujahesabu mvuke wa chungu cha moto kilichoingizwa bila kifuniko, wala maji ya mboga zilizooshwa, wala ufa wa mlango usioziba. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndiyo sababu ndugu zetu wa Tanga, Mombasa na Unguja husumbuliwa na jalidi kuliko ndugu zetu wa Dodoma. Majokofu yao si mabaya zaidi. Hewa ya Dodoma ni kavu, na hewa ya pwani imelowa.

JINSI IHARIBUVYO

Jokofu halitii baridi katika chakula, kama wengi wadhanivyo. Kazi yake ni kuondoa joto. Joto la samaki na la maziwa huenda kwenye hewa ya ndani, hewa hulipeleka kwenye bati la baridi, na ndani ya mabomba ya bati hilo mna gesi ilichukuayo joto na kulitupa nje, nyuma ya jokofu. Kwa hiyo nyuma ya jokofu pana moto, nanyi mmepagusa na kushangaa. Bati hilo aghalabu ni la alumini, maana madini hayo hupitisha joto upesi. Barafu ngumu hupitisha joto kwa shida, yapata mara mia kuwa chini ya alumini. Na jalidi changa, iliyo nyororo kama pamba, ni mbaya zaidi, kwa sababu ndani yake imejaa hewa, kama vile blanketi la sufu lilivyojaa hewa. Twajifunika blanketi ili joto la mwili lisitoke. Jokofu lililovikwa jalidi ni kadhalika: joto la chakula lataka kutoka, nalo lazuiwa njiani.

Hapo mashine yafanya kazi mchana na usiku bila kupumzika. Umeme waliwa, uniti za luku zakwisha kabla ya siku zake, na kompresa yachakaa mapema. Tena jambo lililo baya kupita hayo ni kwamba mtu huona barafu nyingi akatulia moyo, kumbe chakula kilicho mbali na bati kimeanza kupata joto. Wataalamu wa afya hufundisha kwamba chakula kiwekwe katika baridi isiyopungua, yaani kisizidi nyuzi 5 za joto. Kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu vya maradhi huongezeka upesi. Wala si kila chakula kilichoharibika kinuke. Maziwa na nyama huweza kuwa na vijidudu vya kutosha kumlaza mtoto kitandani, na pua isitambue neno.

Jambo hili liliwasumbua hata mafundi wakuu. Katika mwaka 1882 merikebu ya matanga iliyoitwa Dunedin iliondoka New Zealand ikipeleka Uingereza nyama ya kondoo iliyogandishwa, mizoga yapata 5,000. Safari ilichukua siku 98, na ilibidi kuvuka bahari ya joto ya ikweta. Mashine za zamani zile zilipoza hewa yenyewe na kuisukuma katika mifereji, na unyevu uliokuwamo hewani uligeuka kuwa theluji njiani; kwa hiyo mafundi walijifunza kuikausha hewa kwanza kabla ya kuipoza. Katika safari ile nahodha, John Whitson, aliona kwamba hewa baridi haienei vizuri ndani ya ghala. Akaingia mwenyewe kwa kutambaa ili kutoboa matundu mengine katika mifereji, na baridi ikamzidi hata ikabidi mabaharia wamvute nje kwa kamba. Lakini nyama ilifika London salama, ikakataliwa mzoga mmoja tu. Tangu siku zile mambo mawili hayajageuka kwa mtu atunzaye chakula kwa baridi: auzuie unyevu, na aiachie hewa nafasi ya kupita.

Miaka 40 baadaye, yaani mwaka 1922, vijana wawili wa Sweden, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni jokofu lisilo na mashine izungukayo, liendeshwalo kwa moto tu. Majokofu ya namna hiyo yaliyowashwa kwa mafuta ya taa yakafika baadaye katika misheni na hospitali za bara zisizo na umeme. Nguvu yake ilikuwa ya upole, kwa hiyo jalidi iliyaelemea upesi. Leo wengi wetu twatumia umeme, lakini tabia ya jalidi ni ile ile.

HABARI YA MAMA MMOJA

Katika mtaa mmoja wa mji wa pwani palikuwa na mama mjane, Mkristo mwenye bidii, aliyesomesha watoto wake watatu kwa kuuza samaki na maziwa ya mgando. Alikuwa na jokofu moja la zamani. Nyumba aliyopanga alikaa pamoja na mpangaji mwingine, mama wa makamo, naye wawili hawa walikuwa kama ndugu. Akipika huyu, mtoto wa yule hula.

Ikafika miezi ambayo samaki wa yule mjane walianza kuharibika. Wale waliokuwa karibu na bati waligandamana na barafu hata hawang'oleki, na wale waliokuwa karibu na mlango walinuka. Wateja wakaanza kupungua. Umeme wa mwezi mzima ukawa waisha kwa majuma mawili. Ndipo majirani wakaanza kunong'ona: “Biashara yako imetiwa kijicho. Ni nani aingiaye chumbani kwako kila siku kuomba barafu?” Naye aliyeingia kila siku kuomba barafu ni yule mpangaji mwenziwe. Mjane akayaamini maneno yale. Akaacha kumwamkia. Kanisani wakawa wakaa mbalimbali, na watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja.

Habari ilipotufikia, tulikwenda kumtazama, nasi tulimwomba fundi mmoja wa majokofu atusindikize. Fundi hakusema maneno mengi. Alichukua kipande cha karatasi, akakitia katika mlango, akaufunga, kisha akakivuta. Juu karatasi ilishika. Ubavuni ilishika. Chini, katika pembe ya kulia, ilitoka bila kushikwa hata kidogo. Raba ya mlango ilikuwa imepasuka pale, urefu wa kidole. Tena sakafu ilikuwa imeinama, na jokofu limeinamia mbele, hata mlango ukiachwa haukurudi wenyewe. Kwa ufa ule hewa ya masika ilikuwa ikiingia usiku na mchana, na jalidi juu ya bati ilikuwa imefikia unene wa vidole vinne.

Raba ikabadilishwa, vipande vya mbao vikatiwa chini ya miguu ya mbele, jalidi ikayeyushwa. Baada ya siku mbili samaki waliokuwa karibu na mlango walikuwa wagumu kama mawe. Yule mama alinyamaza muda mrefu. Jioni ile, bila kuambiwa na mtu, alibeba bakuli la barafu akaenda kubisha hodi kwa mwenziwe. Waliyosema sisi hatukuyasikia, wala hayatuhusu. Lakini Jumapili iliyofuata walikaa benchi moja.

Tumeieleza habari hii kwa idhini yake, tusitaje jina, kwa sababu twajua si yeye peke yake. Mara nyingi mtu humtafuta adui katika nyumba ya jirani, na adui yu katika ufa wa kidole kimoja wa mlango wake mwenyewe. Ni wajibu wa Mkristo kuitafuta sababu ya jambo kabla ya kumtafuta wa kulaumiwa.

NAMNA YA KUZUIA

Sasa tuyaandike mambo yapasayo kufanywa, moja moja, ili yaweze kukatwa na kubandikwa jikoni.

Kwanza, uchunguze mlango. Fanya kama fundi yule alivyofanya: tia karatasi pande zote nne, funga, vuta. Mahali itokapo bila kushikwa, hapo pana njia ya hewa. Pengine ni uchafu tu ulioshikamana. Osha raba kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe. Kama imepasuka au imekakamaa, ibadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Pili, jokofu lisimame sawa, tena liegemee nyuma kidogo sana, ili mlango urudi wenyewe. Liwe mbali na jiko na jua, na nyuma yake paachwe nafasi hewa ipite, maana pale ndipo joto litupwapo.

Tatu, fungua kwa shauri. Fikiri unachotaka kabla ya kushika mlango, ukitoe, ufunge. Watoto wafundishwe kwamba jokofu si dirisha la kusimama na kutazama. Mama auzaye barafu za ubuyu atenge saa za kuzitoa: atie za kutosha katika chombo kinachohifadhi baridi na kuuza kutoka humo, kuliko kufungua friza kwa kila mtoto ajaye na sarafu yake.

Nne, usiingize mvuke. Kila chakula chenye majimaji kifunikwe: mchuzi, maziwa, uji. Mboga zilizooshwa zikung'utwe na kukaushwa. Chakula cha moto kiachwe mvuke utoke, lakini hapa tahadhari: kisilale mezani usiku kucha kwa kungoja kipoe. Mwisho ni saa 2. Kama chungu ni kikubwa, kigawanywe katika vyombo vipana visivyo na kina, kitapoa upesi.

Tano, usikaze baridi kupita kiasi. Wengi wakiona chakula hakipoi huzungusha kifundo hata mwisho. Kama sababu ni jalidi, kufanya hivyo ni kuongeza jalidi. Afadhali kupima. Tia kipimajoto katika bilauri ya maji, uiweke kati ya jokofu usiku kucha, uisome asubuhi. Ikiwa nyuzi 4 au 5, inatosha. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri.

Sita, usisongamanishe. Chakula kisigandamane na bati la baridi, wala kisizibe matundu ya hewa. Nahodha Whitson aliingia ghalani kwa ajili ya jambo hili. Wewe wahitaji kusogeza sufuria tu.

Saba, umeme ukikatika, usifungue. Jokofu likifungwa vema hutunza baridi yake kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa saa 48, iliyojaa nusu kwa saa 24. Tena umeme ukatikapo kwa muda mrefu, jalidi huyeyuka nusu, na urudipo hugandamana kuwa barafu ngumu kuliko ile ya kwanza. Kwa hiyo baada ya kukatika kwa muda mrefu, tazama ndani, ufute maji uyaonayo.

NAMNA YA KUIONDOA

Hata mwenye kufanya hayo yote, kama jokofu lake ni la kawaida, ataona jalidi ikiota polepole. Hiyo si aibu. Ikifika unene wa milimita 5 au 6, yaani robo ya inchi, iondoe. Usingoje iwe kidole, sembuse vidole vinne.

Chagua siku ambayo chakula kimepungua. Chomoa waya wa umeme ukutani. Kilichogandishwa kifungwe pamoja katika magazeti na blanketi nene, kitiwe katika sanduku au ndoo yenye kifuniko. Vitu baridi vikikaa pamoja hutunzana. Tandika nguo kuukuu sakafuni. Kisha tia bakuli la maji ya moto ndani, juu ya kitambaa, ufunge mlango. Baada ya robo saa badilisha maji. Jalidi italegea yenyewe na kuanguka kwa vipande. Ukimaliza, osha kwa maji ya uvuguvugu, na ukaushe mpaka kusiwe na tone, maana kila tone uliachalo ndiyo jalidi ya kesho. Washa, ngoja baridi irudi, ndipo urudishe chakula. Nyama au samaki aliyeyeyuka kabisa na kupata joto asigandishwe tena. Apikwe siku ile ile, na kama amekaa katika joto kupita saa 2, atupwe.

Usitumie kisu, wala bisibisi, wala ncha ya kitu cho chote. Nyuma ya bati jembamba mna mabomba ya gesi. Kisu kikitoboa, gesi yatoka yote, na jokofu limekufa. Kulitengeneza pengine ni ghali kama kununua jingine. Katika majokofu ya zamani gesi iliyotumika ilikuwa ile iliyoonekana kuidhuru anga ya juu, na mataifa yalipatana huko Montreal mwaka 1987 kuiacha. Majokofu mengi mapya hutumia gesi iitwayo isobutani, isiyoidhuru anga ile, lakini hushika moto. Kwa hiyo usilete jiko la makaa karibu ili kuyeyushia, wala mshumaa. Wala usitie chumvi, maana chumvi huyala madini. Subira ya saa mbili yaokoa mali ya miaka kumi.

MAJOKOFU YAJIYEYUSHAYO

Wengine watasema, “Jokofu letu ni la kisasa, halina jalidi.” Ni kweli, lakini si kwamba jalidi haliijui. Bati lake limefichwa nyuma ya ukuta, feni yapuliza hewa juu yake, na mara kwa mara kipashajoto kidogo huwashwa chenyewe na kuiyeyusha jalidi. Maji yake hushuka kwa tundu hata kwenye sinia iliyo nyuma au chini, nayo hukauka kwa joto la mashine. Kwa hiyo ukiona barafu imeota sakafuni mwa friza ya namna hii, au maji yametuama chini ya vyombo vya mboga, shuku kwanza lile tundu. Aghalabu limezibwa na makombo au barafu. Zima umeme, umimine maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka yapite. Ukiona barafu katika ukuta wa nyuma, au feni imenyamaza, huenda kipashajoto kimekufa. Hapo mwite fundi.

Na ndugu wafanyao kazi katika vyumba vikubwa vya baridi, kwenye bandari za samaki na viwanda vya maziwa, wajue kwamba sheria ni hizo hizo, ila hasara ni kubwa zaidi. Mapazia ya plastiki yaliyotundikwa mlangoni hayakuwekwa ili kuwasumbua wachukuzi. Yamewekwa ili kuizuia hewa iliyolowa. Mtu ayafungaye pembeni kwa kamba ili apite kwa urahisi aingiza barafu sakafuni, na mwenziwe atateleza nayo kesho.

NENO LA MWISHO

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, twasoma habari ya mana, nayo yafananishwa na jalidi iliyo juu ya nchi asubuhi. Tena twasoma kwamba waliolimbikiza mana mpaka kesho yake bila kufuata amri waliiona ina mabuu na kunuka. Lakini ile iliyowekwa kwa ajili ya Sabato, kama walivyoagizwa, haikuharibika. Sisi hatuli mana, lakini chakula chetu pia ni karama, na mwenye karama huitunza kwa utii. Samaki aliyetupwa kwa uzembe alivuliwa na mtu aliyekesha baharini usiku kucha. Maziwa yaliyomwagwa yalikamwa na mtu aliyeamka kabla ya jua.

Nasi twaona fundisho jingine. Jalidi haiji kwa siku moja, wala haiji kwa kishindo. Ni pumzi moja ya hewa, na nyingine juu yake, kupitia ufa ambao hakuna aliyejali. Nyumba nyingi hupoa hivyo hivyo: neno dogo halikuombewa msamaha, na jingine likaongezwa juu yake, hata watu wakaao chini ya paa moja hawawezi tena kupeana joto. Dawa yake si kisu. Ni kuziba ufa mapema, na kilichokwisha ganda kukiyeyusha kwa uvuguvugu na subira.

Basi, wapenzi, leo jioni mchukue kipande cha karatasi mkapime milango ya majokofu yenu. Kazi hiyo haitachukua muda kupita wa kuchemsha chai. Mwezi ujao, Mungu akitujalia uzima, tutasema juu ya kuhifadhi maji ya kunywa. Kaeni salama, ninyi na nyumba zenu.